Upepo Unaopotelea Chini ya Boneti

Michirizi ya vumbi jekundu ilikuwa imejichora chini ya boneti ya Subaru Forester, ikianzia kwenye lile tundu la katikati na kutawanyika kushoto na kulia hadi karibu na taa. Fundi aliifuata kwa kidole, mstari baada ya mstari, bila haraka. Upepo umepita hapa, mwanangu, akaniambia, na hapa, na huku pembeni. Kisha akagonga kwa ukucha intakula, kile kipoza hewa ya turbo kilichokaa chini ya tundu hilo hilo. Safu ya mbele ya mapezi yake ilikuwa na vumbi na vipande vya mabawa ya wadudu. Safu za nyuma zilikuwa safi. Gari lilikuwa limetoka safari ndefu ya vumbi, lakini sehemu kubwa ya upepo ulioingia juu ya boneti haikugusa kifaa kilichotobolewa boneti kwa ajili yake.

Nilikuwa nimefika kwenye gereji hiyo ya Ngamiani, mjini Tanga, kwa shughuli nyingine. Michirizi ile ndiyo iliyonibakiza hapo.

Kilichokosekana ni sponji. Kiwandani, chini ya boneti ya Forester yenye turbo hufungwa mkondo wa plastiki unaopokea upepo kutoka kwenye tundu, na kingo za mkondo huo huvishwa sponji nene nyeusi. Boneti ikifungwa, sponji hukandamizwa juu ya intakula pande zote. Hapo upepo hukosa njia nyingine. Lazima ushuke katikati ya mapezi, uchukue joto, utokee chini upande wa gia boksi. Fundi alitoa kipande kimoja kutoka kwenye kopo la rangi analohifadhia vitu vya namna hiyo. Kilikuwa kimekauka, na alipokibonyeza kiliachia unga mweusi kwenye vidole vyake, hakikurudi katika umbo lake. Alinionyesha alama ya kibanio cha plastiki kilichoyeyuka na kuganda ubavuni. Sponji hii, anasema, imekaa juu ya moto miaka ishirini. Ikianza kumeguka, mwosha magari huing'oa kwa sababu inachafua, au fundi anayeshusha intakula kwa kazi nyingine huiona takataka. Mkondo wa plastiki nao hupasuka, hufunguliwa, huwekwa pembeni, hausikiki tena. Gari linawaka, linatembea, na mwenyewe hajui kama kuna kitu kimetoka.

Atajua baadaye, na atajua vibaya. Turbo hushindilia hewa, na hewa ikishindiliwa hupata moto. Hewa ya Tanga ya nyuzi 32 wakati wa kaskazi hutoka kwenye turbo la gari la kiwandani ikiwa imepita nyuzi 100. Kazi ya intakula ni kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda, maana hewa ya moto ni nyepesi na hubeba oksijeni kidogo. Kwenye injini ya petroli kuna hatari zaidi: mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, injini inanoki, na kunoki kukizidi huvunja pistoni. Kompyuta ya gari ikisikia dalili hizo huchelewesha cheche ili kuiokoa injini. Dereva anachohisi ni gari kuwa zito mlimani. Anaambiwa turbo limekufa. Ananunua turbo la mtumba, linafungwa, na uzito unabaki pale pale, kwa sababu turbo halikuwa na kosa.

Hilo ndilo linalomuuma fundi huyu, mzee aliyejifunzia kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge na ambaye bado hawezi kuona kifaa kikitupwa bila kuuliza kilikuwa na kazi gani. Hakubaliani na vijana wanaosema Wajapani walikosea kuweka intakula juu ya injini. Anauweka mkono wake juu ya injini na kueleza. Silinda za Subaru zimelala, mbili kila upande, kwa hiyo injini ni fupi kwa kimo na juu yake pana nafasi. Turbo la injini zake za aina ya EJ liko nyuma, upande wa kulia. Intakula ikikaa pale juu, bomba la kutoka kwenye turbo linakuwa fupi sana, na dereva akikanyaga mafuta, nguvu inafika bila kungoja. Gari likigonga mbuzi au bampa la mwenzake, intakula inabaki salama. Tena haizuii rejeta. Hata Subaru walipopunguza urembo na kuondoa tundu la boneti kwenye Forester XT iliyoanza mwaka 2012, intakula waliiacha juu, wakauleta upepo kupitia njia iliyofichwa kuanzia kwenye grili.

Ila hesabu hiyo ina sharti lake: gari liwe linakimbia. Intakula hiyo haina feni. Likisimama, joto la injini linapanda na kuipasha kutoka chini, na ikishapata moto huchukua muda kupoa.

Sasa tazama barabara zetu. Toka Tanga mjini, pita Pongwe kwenye malori ya saruji, ingia Muheza, Hale, Segera, Korogwe, mpaka Mombo. Kila kijiji ni kilomita 50 kwa saa, ni matuta, ni tochi ya trafiki chini ya mwembe. Hapo Mombo unakata kulia kupanda Lushoto, kilomita zisizopungua 30 za kona, ukipanda karibu mita 1,000, mara nyingi nyuma ya Fuso lililobeba mbao au linalorudi kuchukua kabichi. Unakanyaga mafuta sana na unakwenda polepole. Turbo linasukuma kwa nguvu zake zote wakati upepo wa kwenye boneti ni mchache kuliko wakati wowote. Hapo ndipo kila pumzi inayoingia kwenye tundu lile inahitajika, na hapo ndipo gari lisilo na sponji linaitupa sehemu kubwa yake pembeni.

Nilimwomba anithibitishie. Alichukua mpira wa kuzibia milango, ule unaouzwa kwa mita, akaukata na kuuzungushia kingo za intakula, akaubana na gundi ya moto, akafunga boneti taratibu, akafungua tena kuona kama umeacha alama pande zote. Tulikwenda Pongwe na kurudi. Tuliposimama aliniambia niguse kwa mgongo wa mkono, haraka. Bomba la kuingilia lilinifanya niuondoe mkono mara moja. La kutokea niliweza kulishikilia. Kisha akaung'oa mpira wote, tukarudia njia ile ile. Safari hii la kutokea nalo lilinishinda. Hakusema neno, alinitazama tu, akaenda kunawa.

Kwa nini basi asiihamishie intakula mbele, kama wanavyofanya wenye magari ya mashindano? Mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally nchini Kenya akiwa na Impreza, kanuni mpya za World Rally Car zilikuwa zimewapa wahandisi ruhusa kubwa ya kubadili turbo na intakula, tofauti na gari la dukani. Fundi anaijua hoja hiyo na anaipinga kwa upole. Gari la rali lina watu wanaolisubiri mbele na vipuri vipya. La mteja wake litaegeshwa usiku kucha Raskazone, mbele ya bahari. Intakula ya mbele hupokea chumvi, tope na kokoto kabla ya kitu kingine chochote, na alumini ikishaanza kutoa unga mweupe, mapezi humeguka kwa kuguswa. Huifunika rejeta na kondensa ya kiyoyozi, na kwenye joto la pwani gari litaanza kuchemsha. Mabomba yanakuwa marefu, na oili inayovuja kidogo kidogo kutoka kwenye turbo hutuama mle chini. Amezishusha nyingi, akaimwaga oili yake kwenye beseni. Malori ya Scania yana intakula mbele na yanadumu, anakiri, lakini yaliumbwa hivyo tangu mwanzo, pamoja na feni kubwa na rejeta inayolingana nayo.

Baadhi ya Hilux na Prado za dizeli zenye injini ya 1KD nazo zina intakula juu na tundu kwenye boneti, na mpira wake hupotea kwa njia zile zile. Dizeli haina kunoki kwa petroli, kwa hiyo huvumilia, hutoa moshi mweusi mlimani na kula mafuta. Je, ni magari mangapi ya serikali na ya miradi yanayopanda Amani na Lushoto kila siku yakiwa na pengo hilo? Nani katika karakana zao anayekagua sponji? Na kwa nini duka la vipuri linakuwa na turbo la mtumba rafuni, ila mpira wa boneti hadi uagizwe? Niliuliza, sikupata jibu linaloniridhisha.

Niliona pia gari lisilo na turbo kabisa lililotobolewa boneti ili lifanane. Mvua za masika huingia moja kwa moja kwenye koili na nyaya. Fundi aliliziba tundu hilo kwa bati, kwa ndani, na kumrudishia mwenyewe funguo.

Wewe unayetaka kununua Forester au Prado yenye tundu, usiishie kulizungukia na kusikiliza injini. Fungua boneti ukiwa na taa. Tazama michirizi ya vumbi imeelekea wapi. Pitisha kidole kuzunguka kingo zote za intakula, na ukikuta pengo, mwambie muuzaji, upunguziwe bei, kisha fungisha mpira mpya kabla hujampa mtu yeyote fedha za turbo.