Siku ya Zuhura: neno moja, vipimo viwili

Miongoni mwa maajabu ya sayansi wanayosimuliwa watoto ni hili: siku moja ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake. Mtoto makini akiisikia kauli hiyo huuliza papo hapo: mwaka utaishaje kabla ya siku kwisha? Swali lake ni la elimu ya falaki, lakini jibu linaanzia katika maana ya neno *siku*.

Siku (nomino, ngeli ya i-/zi-) katika matumizi ya kawaida ni muda wa saa 24. Muda huo hupimwa kwa jua: kutoka mawio hadi mawio yanayofuata au, kwa hesabu ya kale ya Waswahili, kutoka machweo hadi machweo. Wataalamu wa falaki wana kipimo cha pili, nacho ni muda ambao sayari hutumia kujizungusha mara moja kamili kwenye mhimili wake, ikilinganishwa na nyota za mbali.

Hapa duniani vipimo hivyo vinakaribiana. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56. Hata hivyo, kwa kuwa wakati huohuo inasonga mbele katika njia yake ya kulizunguka jua, hulazimika kujigeuza kwa dakika 4 hivi zaidi ili ilielekee jua kama mwanzo. Tofauti ni ndogo, na neno moja limetutosha.

Kwa Zuhura, neno hilo halitoshi. Sayari hiyo hujizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia, ilhali hulizunguka jua kwa siku 225 tu. Kwa kipimo hiki, ajabu tuliyoitaja ni kweli. Lakini Zuhura hujizungusha kinyume cha mwelekeo wa safari yake ya kulizunguka jua, na kwa sababu hiyo jua huwahi kurejea: kutoka mawio hadi mawio ni siku 117 hivi za Dunia. Kwa maana aliyoizoea mtoto, basi, siku ya Zuhura ni fupi kuliko mwaka wake. Ni kama nusu yake tu.

Mzunguko huo wa kinyume unazaa ajabu nyingine. *Mashariki* na *magharibi* ni maneno yenye asili ya Kiarabu: la kwanza limetokana na kuchomoza kwa jua, la pili na kuchwa kwake. Kwenye Zuhura jua huchomoza upande wa magharibi na kuchwa upande wa mashariki, ingawa mawingu mazito yangemzuia mtu kuliona vizuri.

Mwalimu anayeirudia kauli ile bila kuifafanua hadanganyi, ila humwachia mtoto adhani kwamba huko mwaka mzima hupita jua lisichwe. Kumbe mchana wa Zuhura ni siku 58 hivi za Dunia, na usiku vivyo hivyo.

Matumizi yanayopendekezwa: Tusiseme tu “Siku ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake.” Tuseme: “Zuhura hulizunguka jua lote kabla haijamaliza kujizungusha mara moja.” Sentensi hii haipunguzi mshangao wa mtoto, na akiuliza “inawezekanaje?”, mwalimu anaweza kumjibu kwa kulizungusha chungwa polepole huku akiizunguka taa.