Sio Dhambi Yako, Dada

Vuta picha hii. Dada mmoja wa Buhemba, mkoani Mara, kaolewa miezi mitatu iliyopita. Ni mwanakwaya, na Jumapili hakosi ibada. Mumewe ni mstaarabu, hanywi, hana mkono mwepesi. Lakini taa ikizimwa tu, mwili wa bibie unakakamaa kama ubao. Anageukia ukutani, analia kimyakimya. Mume anabaki kujiuliza: hanipendi, au ana mtu mwingine?

Hapana, kaka. Akiwa na miaka 14, ndugu wa karibu alimbaka. Akaambiwa anyamaze, jina la familia lisichafuke.

Dada huyu nimemchora mwenyewe, lakini wenzake ni wengi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 hapa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote.

'Nilizini?'

Kwa aliyelelewa kwenye dini kali, jeraha hili lina makali mawili. Tangu utotoni amefundishwa kuwa usafi wa binti ni kutomjua mwanaume. Sasa amebakwa. Kichwani anajihesabu mzinzi! Anafunga, anatubu, anatubu tena, na amani haiji. Itakujaje, wakati anatubu kosa la mtu mwingine?

Maandiko yenyewe hayamhukumu. Kumbukumbu la Torati 22:26 inamtaja binti aliyebakwa kuwa hana dhambi, na kumlinganisha na mtu aliyevamiwa na kuuawa. Waislamu nao wanafundishwa kuwa aliyelazimishwa hana dhambi. Halafu soma kisa cha Tamari, 2 Samweli 13. Alilia hadharani, kaka yake akamwambia anyamaze. Akaishia kukaa nyumbani kwa kaka huyo, mpweke. Ukimya haukumponya Tamari, na hautamponya dada yetu.

Ushauri nasaha unafanyaje kazi?

Wengi wetu tunadhani ni kukaa na mtu akuambie "jikaze". Sio hivyo. Kwanza mshauri anakusaidia ujisikie salama: upate usingizi, umudu hofu inapopanda. Baadaye, kwa kasi yako mwenyewe, unasimulia. Kisha mnayapima yale mawazo yanayokutafuna. "Ni kosa langu." Kweli? Nani alikuwa mtu mzima pale? Nani alifunga mlango?

Haya yamejaribiwa kwa jirani zetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono walikutana kwa vikundi, wakiongozwa na washauri wa hukohuko wasio na shahada ya saikolojia. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 tu. Kwa wenzao waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, walikuwa asilimia 42.

Je, hii ni kuikimbia imani? Hata kidogo. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha Hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste na mwenyewe ni mchungaji. Pale Panzi, mwili unatibiwa pamoja na moyo. Kwa hiyo omba, dada, ila na mshauri nenda.

Kwa wachungaji wetu na masheikh

Msiharakishe neno "samehe". Msamaha hauamrishwi, na hauzuii sheria. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mbakaji kwa kawaida hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30. Kuyamaliza kifamilia ni kumwacha mhalifu atafute binti mwingine.

Wewe mume ufanyeje?

Akikakamaa, acha. Usinune. Usimsomee aya kwamba mwili wake ni mali yako. Aliyembaka naye alijiona mwenye mali. Usimchunguze kama polisi. Akitaka kusema, sikiliza. Rudini kwenye kushikana mikono na kukumbatiana bila deni la kwenda mbali zaidi. Yeye ndiye aamue mwendo. Na akikubali kwenda kwa mshauri, msindikize.

Msaada uko wapi?

Kama tukio ni la karibuni, wahi hospitali ndani ya saa 72 ili upate dawa za kuzuia VVU. Polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya bure, kwa ajili ya watoto. Hapohapo wilayani Butiama, Kiabakari, kuna nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women, chini ya Rhobi Samwelly, inayowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji na ukatili mwingine.

Nawe dada unayesoma haya huku umejifungia chumbani: hukuzini. Ulidhulumiwa. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, anza na sentensi moja tu.