Jua, Vidonge na Ugonjwa wa Kusahau

Labda kwenu yupo mzee anayesahau sana. Anauliza jambo lile lile mara tano. Anatoka shambani, anapotea katika njia aliyoipita tangu utoto. Mzee huyo hajarogwa, wala yeye si mchawi. Ubongo wake unaugua.

Wapo wauzaji wanaosema kwamba vidonge vya vitamini D huzuia ugonjwa huu. Kabla hujauza mbuzi ili uvinunue, soma hapa.

Jua likiipiga ngozi yako, ngozi hutengeneza vitamini D. Vitamini hii huusaidia mwili kuchukua madini ya chokaa kutoka katika chakula, ili mifupa iwe migumu. Mtoto akiikosa, miguu yake hupinda. Ndiyo matege.

Mwaka 2014 wataalamu walitoa habari za wazee 1,658 wa Marekani. Waliwapima damu, kisha wakawafuatia kwa miaka kadhaa. Wenye upungufu mkubwa wa vitamini D waliugua ugonjwa wa kusahau mara mbili zaidi ya wale walioipata ya kutosha.

Lakini fikiri. Mzee dhaifu hukaa ndani. Akikaa ndani hapati jua, na vitamini D hupungua. Basi, huenda udhaifu ndio ulioleta upungufu! Wataalamu wengine wa Marekani wakajaribu. Waliwapa wazee wengine vidonge vya vitamini D, na wengine vidonge visivyo na kitu. Baada ya miaka miwili mpaka mitatu waliwapima kumbukumbu. Mwaka 2021 walieleza kuwa hawakuona tofauti.

Tena, vidonge vikizidi, chokaa hujaa katika damu na figo huharibika. Meza ukiandikiwa na daktari tu.

Na jua tunalo bure. Mwaka 2012 yalitolewa majibu ya damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje. Walikuwa na vitamini D ya kutosha kabisa.

Yapo mambo yanayojulikana kuwa huongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau: presha, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, kutosikia vizuri na upweke. Kwa hiyo mpeleke mzee zahanati apimwe presha, hata kama hajaanza kusahau. Nyumbani, usimfungie ndani. Saa tatu asubuhi mtolee kiti nje, mikono na miguu ipate jua, na awepo mtu wa kuzungumza naye.