Mashine za Umeme na Mikono ya Mafundi Wetu

Apitaye leo katika barabara za Lubumbashi, Kolwezi, Bukavu au Goma hana haja ya kuuliza karakana ziko wapi. Masikio yatamwongoza. Hapa mtu akata mabomba ya chuma ya kutengenezea mlango, pale seremala apiga randa ubao wa kitanda, na ng'ambo ya barabara keekee yatoboa bati. Kazi ambazo baba zetu walizifanya kwa tupa, kwa msumeno na kwa jasho la siku nzima, leo kijana wa miaka kumi na saba azimaliza kabla ya adhuhuri. Nasi twafurahi. Familia nyingi hula na kulipa karo za watoto kwa kazi ya mashine hizi za umeme, na wazazi wengi humpeleka kijana wao kwa fundi awe mwanagenzi wake.

Wazazi hao twataka kuwaambia neno. Siku mnapompeleka mtoto, msiulize tu fundi atadai kiasi gani na mafunzo yatachukua miezi mingapi. Simameni kidogo mlangoni, mzitazame mashine zenyewe. Msijali kama ni mpya au za zamani. Tazameni kama zina viungo vyake vyote. Tumezunguka katika karakana nyingi, na tumeona kwamba hatari kubwa haitoki katika kitu ambacho mtengenezaji alikiweka ndani ya mashine. Hutoka katika kile ambacho fundi amekiondoa.

Mashine hizi si ngeni duniani. Kampuni ya Fein ya Stuttgart, katika Ujerumani, ilitengeneza keekee ya umeme ya kushikwa mkononi mwaka 1895. Mwaka 1917 Wamarekani wawili, S. Duncan Black na Alonzo Decker, walipata hataza ya keekee yenye mshiko kama wa bastola na swichi ya kuvutwa kwa kidole, na umbo hilo ndilo tunalolishika hata leo. Mwaka 1954 kampuni ya Ackermann & Schmitt, huko Steinheim an der Murr, ilitoa mashine ya mkononi ya kusaga na kukata chuma kwa diski iendayo kasi sana. Wenzetu wa Afrika ya Mashariki huiita grenda, nasi tutatumia jina hilo.

Tuanze nayo, kwani ndiyo tunayoiogopa zaidi.

Grenda ndogo, yenye diski ya milimita 115 au 125, huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Grenda kubwa, yenye diski ya milimita 230, huzunguka mara 6,500 hivi tu. Kwa nini ile kubwa iende polepole? Wanafunzi wa hesabu waweza kutujibu: ukingo wa diski kubwa husafiri njia ndefu zaidi katika kila mzunguko. Diski za kawaida zimetengenezwa zivumilie mwendo wa mita 80 kwa sekunde ukingoni, yaani kilometa 288 kwa saa. Hakuna barabara ya Kongo iliyopata kuona gari liendalo hivyo.

Sasa fundi ana grenda ndogo, naye ataka kukata bomba nene. Afungua kile kifuniko cha chuma kinachozunguka nusu ya diski, ati kinamzuia, kisha atia diski ya milimita 230. Tundu la katikati lina kipimo kile kile cha milimita 22 na kidogo, ndiyo maana diski kubwa yakubali kuingia. Lakini kuingia si kufaa. Pigeni hesabu, nanyi mtaona kwamba ukingo wake sasa wapita mita 130 kwa sekunde. Tena nguvu inayoivuta diski ipasuke haiongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kwa mwendo mara mwendo; kwa hiyo yawa karibu mara tatu ya nguvu aliyoipima mtengenezaji. Na diski ni kitu gani? Ni chembe ngumu kama mchanga, zilizogandishwa kwa gundi na kushikwa na wavu wa nyuzi. Ikipasuka, vipande vyake huruka kama risasi, na kile kifuniko ambacho kingevipokea kimelala chini ya meza, kimejaa vumbi.

Wapo maseremala wanaofanya vibaya kuliko hayo. Hufunga katika grenda diski yenye meno ya msumeno, wapate kupasua mbao upesi. Jino moja likikwama katika mti, mashine nzima huruka kumwelekea mwenye kuishika, katika paja, tumboni au shingoni, na meno yangali yanazunguka. Kwa kazi hiyo hatuna shauri la kutoa, ila kwamba asiifanye. Mti una msumeno wake.

Mshiko wa pembeni nao huondolewa, kwa kuwa wasumbua katika kona. Lakini diski ikibanwa ghafula, mkono mmoja hauna nguvu ya kuizuia grenda. Mikono miwili, na miguu iliyosimama vema, yaweza. Wala diski nyembamba ya kukatia isitumiwe kusagia kwa ubavu, maana ubavu wake ni dhaifu.

Tazameni pia ile pete ndogo ya chuma katikati ya diski. Juu yake hupigwa mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe ya mwisho wa kuitumia, kwa desturi miaka mitatu baada ya kutengenezwa, kwani gundi huzeeka na kunywa unyevu wa hewa. Mchuuzi anayezitandika diski zake kando ya barabara, jua likiwaka na mvua ikinyesha, auza kitu kilichokwisha kudhoofika hata kama rangi yake yang'aa. Iliyoanguka sakafuni na kupata ufa itupwe, tena ivunjwe kwanza ili mwingine asiiokote. Diski mpya iachwe izunguke bure kwa dakika nzima kabla ya kugusa chuma, na mtu yeyote asisimame mbele yake.

Kwa habari ya macho hatutasema mengi: miwani ya jua ya sokoni si miwani ya kazi. Mkufu wa medali uvuliwe au ufichwe ndani ya shati lililofungwa. Na watoto wa mtaa, ambao hupenda kukusanyika kuzitazama cheche kama wanatazama fataki, wafukuzwe bila huruma. Cheche hizo ni chuma chenye moto. Tumeona karakana ambayo jirani yake ni muuza petroli wa chupa, meza yake hatua sita tu kutoka kwa grenda, naye fundi hakuona ajabu yoyote.

Tuje sasa kwenye umeme wenyewe. Nyumba zetu hupata volti 220, na watu husema kwamba umeme wa nyumbani hautishi kama ule wa nguzo kubwa. Sikilizeni vipimo vyake. Ampea moja ikigawanywa mara elfu, kila sehemu huitwa miliampea. Miliampea 10 hivi zikipita mwilini zaweza kuifunga misuli ya mkono hata mtu asiweze kukiachia alichokishika. Miliampea 30, zikidumu, zaweza kuzuia pumzi. Zikizidi, moyo huanza kutetemeka bila kusukuma damu. Basi grenda ya wati 1,000 hunywa ampea nne na nusu, yaani miliampea 4,500. Fyuzi ya ampea 10 itatulia tuli huku mtu anakufa, kwani fyuzi iliwekwa ilinde waya isiungue. Mtu halindwi nayo.

Anayemlinda mtu ni waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, uendao ardhini. Waya wenye umeme ukichubuka na kuugusa mwili wa chuma wa mashine, umeme wote hushuka ardhini kwa njia hiyo, na hapo ndipo fyuzi hukatika. Lakini plagi haikuingia katika soketi ya kale, basi fundi akaukata waya huo, au akaikata plagi yote na kuchomeka nyaya mbili tupu zilizokazwa kwa njiti za kiberiti. Toka siku hiyo mashine yafanya kazi vizuri kabisa. Umeme uliopotea njia wangoja tu mkono wenye jasho na mguu ulio peku juu ya sakafu yenye maji.

Yatupasa kusema hapa kwamba mashine nyingine huja kutoka kiwandani bila waya wa tatu, nazo si mbovu. Tafuteni juu ya kibati chake alama ya mraba mmoja ndani ya mraba mwingine: maana yake imevikwa kinga mara mbili. Lakini plastiki yake ikipasuka, kinga hiyo imekwisha, na kuifunga kwa utepe hakuirudishi.

Mwaka 1961 mwalimu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Charles Dalziel, aliyekuwa amepima kwa miaka mingi jinsi umeme unavyoushika mwili, alibuni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi. Kikiona kidogo umepotea njiani, hukata vyote mara moja, kabla moyo haujaharibika. Siku hizi vifaa vya jamaa hiyo huuzwa katika maduka ya umeme. Kwa ulinzi wa watu, tafuteni kilichoandikwa 30 mA. Karakana inayoweza kununua grenda mbili yaweza kununua moja na kifaa hiki.

Liko jambo jingine, nalo ni la kwetu hasa. Njia kuu ya umeme iliyojengwa kutoka Inga hadi Kolwezi, yapata kilometa 1,700, ilikamilika mwaka 1982. Lakini mitaa mingi ya Katanga yangali inakaa gizani mara kwa mara. Umeme wakatika katikati ya kazi. Fundi aiweka grenda mezani, atoka nje kuzungumza, asahau kwamba swichi yake ni ya kusukuma na imebaki mbele. Saa tatu usiku umeme warudi. Mashine yaamka peke yake, yatambaa juu ya meza katika chumba ambamo mwanagenzi amelala akilinda mali. Kwa hiyo desturi iwe hii: umeme ukikatika, swichi irudishwe na plagi ichomolewe papo hapo, kabla ya neno lingine. Plagi ichomolewe vilevile kila diski inapobadilishwa, hata kama fundi ana haraka namna gani.

Kuhusu kuzitunza, mashine hizi hazidai mengi. Vumbi la chuma huingia katika matundu ya hewa na kujishika katika nyaya za ndani. Lipulizwe kila juma kwa hewa kavu, plagi ikiwa nje. Ndani ya mota nyingi mna makaa mawili madogo yanayopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Cheche zikizidi humo ndani, au mashine ikikatakata sauti, yamekwisha. Yabadilishwe yote mawili pamoja, wala si moja. Waya mrefu uliozungushwa katika gurudumu lake ufunguliwe wote kabla ya kazi nzito, kwani ukibaki umejiviringa hupata moto na kuyeyuka.

Na mtu akishikwa na umeme? Msimguse. Kateni umeme kwanza; ikiwa hamfikii swichi wala plagi, msukumeni kwa mti mkavu au kiti cha mbao, ninyi wenyewe mkisimama juu ya ubao mkavu. Wapo wanaokimbilia kummwagia maji, nao huweza kuongeza maiti wa pili. Akiisha kuachana na waya, kama hapumui, mlazeni chali juu ya kitu kigumu, mkandamize katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimeta tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Hata akifumbua macho na kusema kwamba ni mzima, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, waganga wausikilize moyo wake.