Ritifaa ya Ng' na Alama Nyingine: Kutoka Ubaoni hadi Faili ya Kompyuta

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha kwa sauti yake, kwa ubao wake, na kwa karatasi anazowapa wanafunzi. Makosa ya sauti na ya ubao husahihishwa papo hapo. Kosa lililo katika karatasi iliyokwisha kuchapwa nakala themanini ni gumu kurudishwa. Kwa sababu hiyo tunakusudia kueleza jambo ambalo walimu wanafunzi wengi hulipita kwa haraka: alama ndogo ndogo za maandishi, hasa ritifaa ya ng', kistari na alama za hesabu. Tutaeleza jinsi ya kuzifundisha, jinsi zinavyoharibika zinapopita katika kompyuta, na jinsi ya kuzirekebisha.

Mifano yetu tumeichukua Masasi na Newala, mahali ambapo wengi wenu mtafanya mazoezi ya kufundisha. Tatizo lenyewe, hata hivyo, liko popote Kiswahili kinapoandikwa.

Sauti moja, alama tatu

Neno ng'ombe lina sauti tano tu: ng', o, m, b, e. Sauti ya kwanza hutolewa puani, sehemu ya nyuma ya ulimi ikigusa kaakaa laini, wala hamna g inayosikika. Katika neno ngoma, g husikika wazi. Mwanafunzi akiyasoma maneno haya mawili kwa namna moja, amekosa kutofautisha sauti mbili za Kiswahili. Tofauti hiyo hubeba maana: kung'oa muhogo ni kazi ya shambani, na ngoa ni tamaa au wivu.

Sauti ya ng' si ngeni kwa watoto wa huku. Mtoto wa Kimakonde aitaye nyumba ing'ande huitamka barabara kabla hajaingia darasa la kwanza. Mtoto wa Kiyao naye husema ng'ombe kama Kiswahili kisemavyo. Kinywa cha mtoto basi kimekwisha kujua, na kazi ya mwalimu ni kuufundisha mkono na jicho. Mwalimu aanzaye kwa kuwakaririsha sauti kana kwamba hawaijui huwapotezea wakati.

Ugumu wa maandishi unatokana na historia ya uchapaji. Askofu Edward Steere, aliyeanzisha kituo cha misheni Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, alikuwa pia mchapaji wa vitabu huko Zanzibar. Yeye na waliomfuata walilazimika kuandika sauti za Kiafrika kwa herufi zilizofinyangwa kwa ajili ya lugha za Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wataalamu wa lugha waliokutana London walipendekeza herufi ŋ kwa ajili ya sauti hii. Waganda waliipokea katika tahajia yao sanifu ya mwaka 1947. Kiswahili, kilichosanifiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kilibaki na ng'. Uamuzi huo ulirahisisha kazi ya taipureta, maana kila taipureta ina n, g na ritifaa. Lakini ulitufanya tuitegemee alama ndogo kuliko zote, ambayo ni rahisi kuangushwa na mwandishi, na mashine huichukulia kuwa pambo.

Kuifundisha ng' darasani

Tunashauri hatua nne.

Kwanza, kusikia. Mwalimu ataje maneno kwa zamu: ng'ombe, ngoma, ng'ambo, nguo, ng'aa, ngazi. Wanafunzi wanyoshe mkono wasikiapo sauti isiyo na g.

Pili, kutamka kwa silabi. Ng'o-mbe ina silabi mbili. Ng'a-ng'a-ni-a ina nne. Mwanafunzi aone kwamba alama hizi tatu, n, g na ritifaa, huenda pamoja kama ng'ombe watatu waliofungwa nira moja, wala hazitenganishwi.

Tatu, kuona. Mwalimu aandike ubaoni ng' kwa chaki ya rangi moja na silabi iliyobaki kwa rangi nyingine. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Mwalimu akisema tu, "Wekeni alama juu," atapata n'gombe, ng'ombe na ngo'mbe katika daftari za darasa moja. Aseme mahali penyewe: ritifaa hukaa baada ya g, kabla ya irabu.

Nne, kuandika, kwanza neno moja moja, kisha imla yenye maneno ya aina zote mbili. Imla isiwe na ng' peke yake. Mwanafunzi aliyezoeshwa ng' tupu huanza kuandika ng'oma, na hata Nachingwea na Mangaka huzitilia ritifaa zisizohitajika.

Alama inapoingia katika mashine

Zamani mwalimu alikata stensili kwa taipureta na kurudufu mtihani kwa mashine ya wino. Taipureta ilikuwa na ritifaa moja tu, iliyosimama wima. Siku hizi mwalimu wa Newala huandika mtihani kwa mkono, akaupeleka kwenye duka la steshenari, au huuchapa mwenyewe kwenye kompyuta ya shule, kisha akaubeba kwa flashi hadi mahali penye printa.

Kompyuta haioni umbo la alama, inaona namba. Ritifaa iliyosimama wima ina namba 39 katika orodha ya zamani iitwayo ASCII, iliyotungwa Marekani mwaka 1963. Orodha kubwa ya leo, iitwayo Unicode, ambayo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1991, ina alama kadhaa zinazofanana machoni. Iko iliyosimama wima ('), iko iliyopinda ya kufungia (’), iko ya kufungulia (‘), na iko nyingine iliyowekwa kwa ajili ya lugha ambazo ritifaa ni sehemu ya herufi (ʼ). Kwa msomaji zote ni ritifaa. Kwa mashine ni vitu vinne tofauti.

Kutokana na hayo huzuka matatizo matatu.

La kwanza ni mageuzi yasiyoombwa. Programu nyingi za kuandikia hubadili ritifaa wima kuwa iliyopinda. Katikati ya neno hazina dhara kubwa: ng’ombe husomeka. Mwanzoni mwa neno hukosea. Mshairi akiandika 'takuja kwa kufupisha nitakuja, programu hudhani anafungua nukuu, ikachapa ‘takuja, alama imepinda kinyume. Mwalimu wa darasa la tano anayechapa shairi asipotazama, anawafundisha watoto kosa la mashine.

La pili ni kuharibika safarini. Faili iliyohifadhiwa kwa utaratibu mmoja wa namba ikifunguliwa kwa utaratibu mwingine, ritifaa iliyopinda hutokea kama takataka tatu: ngâ€™ombe. Mashine nyingine huweka alama ya kuuliza au kisanduku kitupu. Mtoto wa darasa la pili aliyekabidhiwa karatasi yenye neno hilo hana njia ya kujua kwamba si yeye aliyeshindwa kusoma.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni majina. Mtoto mwenye jina la ukoo kama Mng'ong'o anaweza kuandikwa katika rejista ya darasa kwa ritifaa wima, katika orodha nyingine kwa iliyopinda, na katika ya tatu bila ritifaa yoyote. Kwa mashine itafutayo jina, hao ni watu watatu. Mzazi hugundua siku ya kulinganisha cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule, wakati ambapo kusahihisha ni safari ya ofisi hadi ofisi. Alama tuliyoidharau imemgharimu mwananchi nauli na siku za kazi.

Funzo kutoka kwa watengenezaji wa programu

Wenzetu watengenezao programu za kompyuta wamekwisha kulikabili tatizo hili, na njia yao inatufaa. Mfumo uitwao Unix una kurasa za mwongozo tangu mwaka 1971, zinazoeleza kila amri ya kompyuta. Kila ukurasa huandikwa kwanza katika faili chanzo, yaani maandishi yenye maelekezo ya kupangia. Kisha programu, kwa mfano groff, huisoma faili hiyo na kutoa ukurasa uliopangwa vizuri.

Katika faili chanzo, mwandishi akigonga ritifaa ya kawaida, groff huelewa kwamba ataka iliyopinda. Akigonga kistari, huelewa kwamba ataka kistari cha kuunganishia maneno. Hayo yanafaa kwa maelezo, lakini hayafai kwa amri. Msomaji akinakili kutoka katika mwongozo amri yenye kistari cha maneno badala ya alama ya kutoa, kompyuta huikataa, ingawa kwa macho hakuna tofauti. Kwa hiyo mwandishi hutakiwa kuandika \- panapohitajika alama ya kutoa, na \(aq panapohitajika ritifaa wima. Tena, mstari wa chanzo ukianza kwa ritifaa, programu huudhania kuwa ni agizo na kuumeza. Dawa yake ni kutanguliza \& mbele yake.

Kwa miaka mingi programu iliwafichia waandishi uzembe huu kwa kuzigeuza alama kimya kimya. Mwaka 2023 toleo 1.23 la groff liliacha kuficha, na kurasa nyingi zikaonekana na kasoro. Watunzaji wa mfumo wa Debian walirudisha desturi ya zamani ili wasomaji wasitaabike. Wengine walishikilia kwamba kila faili chanzo irekebishwe. Pande zote mbili zilikuwa na hoja: msomaji wa leo ahudumiwe, na kosa liondolewe mahali lilipozaliwa.

Mwalimu naye ana chanzo na nakala. Kusahihisha kwa kalamu nakala themanini ni kumhudumia msomaji wa leo, na wakati mwingine hapana budi. Lakini mwalimu asiyerudi kwenye faili yake atakutana na kosa lile lile muhula ujao, na aliyemwazima faili hiyo naye pia.

Alama za hesabu

Yaliyosemwa juu ya ritifaa yanahusu hesabu pia. Kistari kifupi kikitumika kwa kutoa, huenda kikapotea katika nakala hafifu, na 12-5 ikasomwa 125. Mstari ukijaa, programu huweza kuikata hesabu, 12- ikabaki juu na 5 ikaanguka chini. Weka kila hesabu katika mstari wake, tumia alama halisi ya kutoa (−), na uache nafasi pande zote mbili.

Herufi x isitumike kwa kuzidisha. Taipureta ilitulazimisha, kompyuta haitulazimishi, kwa kuwa ina ×. Mwanafunzi atakayekutana na x kama namba isiyojulikana asiwe amekwisha kuizoea kwa kazi nyingine. Vivyo hivyo, usiandike herufi l mahali pa 1, wala O mahali pa 0. Mazoea hayo yalitoka katika taipureta zilizokosa tarakimu hizo.

Utaratibu wa kurekebisha faili

Kabla ya kuchapa mtihani au orodha ya majina, mwalimu afuate utaratibu huu:

1. Azime mabadiliko ya kujiendesha ya alama za nukuu katika programu yake, au aafikiane na wenzake shuleni kutumia aina moja ya ritifaa. Kwa orodha za majina tunapendelea iliyo wima, kwa kuwa imo katika kila kibodi.
2. Atumie nafasi ya kutafuta na kubadilisha: atafute ’ na ‘ na ʼ, kila moja ibadilishwe kuwa '. Katika majina abadilishe moja baada ya nyingine huku akitazama, asiamuru zote kwa mpigo.
3. Atafute ng peke yake, asome kila neno kwa sauti, na kuamua kama ritifaa inahitajika. Mashine haiwezi kuamua hili kwa niaba yake.
4. Ahifadhi faili kwa utaratibu wa UTF-8 pale programu inapouliza.
5. Achape nakala moja kwanza, ampe mwalimu mwenzake aisome. Aliyeandika husoma alichokusudia, na mwenzake husoma kilichoandikwa.
6. Kosa likionekana, arudi kwenye faili, arekebishe, ndipo achape nyingine.

Shule isiyo na kompyuta haikusamehewa. Faili chanzo yake ni andalio la somo na rejista iliyoandikwa kwa mkono. Mwenye steshenari, Masasi mjini au kijijini Newala, hunakili anachokiona. Ritifaa isiyoonekana vizuri kwa mwandiko haitaonekana katika chapa.

Mazoezi kwa walimu wanafunzi

(a) Andika imla ya maneno kumi kwa darasa la pili, matano yenye ng' na matano yenye ng. Chagua maneno yanayohusu shamba la korosho na muhogo.

(b) Mwanafunzi wako anaandika n'gombe kila mara. Eleza kwa hatua jinsi utakavyomsaidia bila kumfanya anakili neno hilo mara hamsini.

(c) Chukua mtihani uliokwisha kuchapwa katika shule ya mazoezi. Orodhesha makosa yote ya alama, na useme lipi ni la mwandishi na lipi ni la mashine.

(d) Linganisha majina ya wanafunzi wa darasa moja katika rejista mbili za shule. Pale yanapotofautiana, mwulize mzazi jinsi jina linavyotamkwa na kuandikwa kabla hujasahihisha lolote.