Wadai hewa wa Tunduma

Tunduma inaendeshwa kwa mali kauli. Mchuuzi wa Nakonde, upande wa Zambia, anavuka mpaka asubuhi, anachukua madumu ya mafuta ya kula na katoni za sabuni, anaahidi kulipa akishauza. Mwenye duka la jumla aliyempa mzigo huo naye ameuchukua Kariakoo kwa kauli hiyohiyo. Bodaboda anayeupeleka mpakani anaendesha pikipiki ya mkataba na ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila wiki. Mama ntilie anayewalisha madereva wa malori ana marejesho ya kikundi. Katika mji wenye watu zaidi ya 200,000 ambao karibu kila mtu anamdai au anadaiwa na mwenzake, simu ikiita na sauti ya upande wa pili ikasema "unadaiwa", mtu hashangai. Anajiuliza tu ni deni lipi.

Mshangao huo unaokosekana ndio mtaji wa wadai hewa. Watu hawa hawakukukopesha na hawana mkataba wala ofisi. Wana laini ya simu, sauti yenye mamlaka na uhakika kwamba umekopa mahali fulani. Wanaoonywa kila siku ni wale wanaodanganywa kwa ahadi ya utajiri wa bure, nao huchekwa kwa tamaa yao. Mhanga wa mdai hewa ni mtu wa aina nyingine kabisa: ni mlipaji mzuri, anayeona aibu kudaiwa, anayetaka kumaliza jambo kabla mteja aliyesimama dukani hajasikia.

Bidhaa ya bei rahisi kuliko zote katika soko hili ni ujumbe mfupi ambao karibu kila Mtanzania mwenye simu amewahi kuupata: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Haujataja deni wala mdai. Hauna haja, kwa sababu msomaji ndiye anayejaza nafasi iliyoachwa wazi. Aliyeahidi kumtumia mwenye nyumba kodi jioni hiyo anaona ni mwenye nyumba. Aliyechukua vitenge kwa kauli anaona ni tajiri yake.

Kipande cha mwisho ndicho chenye ufundi. Mitandao yetu ya pesa huonyesha jina la mpokeaji kabla mtumaji hajaweka namba ya siri, na kinga hiyo imeokoa fedha nyingi. Tapeli ameigeuza. Kwa kukutajia jina mapema, anaondoa ile sekunde ya shaka: unaandika namba, jina ulilotajiwa linatokea kweli, na moyo unatulia kwamba umempata mwenyewe. Umempata kweli mwenye laini iliyosajiliwa, lakini hujampata mdai wako.

Juu ya ngazi hiyo kuna biashara iliyokomaa zaidi, na hiyo imepandia mgongo wa mikopo ya mtandaoni.

Mikopo midogo ya simu si jambo baya kwa asili yake. Songesha ya Vodacom, Nivushe ya Mixx by Yas na Timiza ya Airtel zimemsaidia mchuuzi kufunga biashara ya siku bila kupiga magoti kwa mtu. Mikopo hiyo ina tabia moja inayofaa kukumbukwa: inalipwa kupitia menyu ileile iliyoitoa. Songesha haihitaji hata kukusumbua, maana fedha ikiingia kwenye akaunti deni linakatwa. Kwa hiyo mtu anayekupigia akidai ni "kitengo cha marejesho" cha mtandao wa simu na kukutaka utume fedha kwenye laini yenye jina la mtu, amekwishajieleza.

Tatizo lilikuja na aplikesheni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja 4. Wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wa mtandaoni, wako daraja la pili na wanapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu (BoT). Riba yao ina ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mtaani hali ilikuwa nyingine: mkopo wa siku 7 uliokatwa "ada" kabla haujamfikia mkopaji, na faini inayoongezeka kila jua likichomoza. Watu waliupa jina linalostahili, kausha damu. Agosti 2024 BoT ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikitaja pia kwamba hazizingatii uwazi wa riba na tozo, namna ya kudai, wala faragha ya wateja.

Orodha ile ilikuwa hatua kubwa, lakini kwa maoni yangu iliacha mlango mmoja wazi. Aplikesheni ikifungwa, daftari lake la wateja halifungwi nalo. Nyingi kati ya aplikesheni za namna hii zilimtaka mkopaji, kabla ya kumpa hata shilingi 20,000, akubali zisome namba zote zilizohifadhiwa kwenye simu yake, na mara nyingine picha na ujumbe. Google ilikuja kupiga marufuku jambo hilo kwa aplikesheni za mikopo zilizoko kwenye duka lake kuanzia Mei 31, 2023; zinazosambazwa kwa viungo vya WhatsApp hazikuguswa. Taarifa zilizokwishachotwa zipo. Aliye nazo anajua jina lako, namba ya NIDA, kiasi ulichokopa, na majina uliyowapa watu kwenye simu yako: Mama, Mchungaji, Bosi, Tajiri wa Mpemba.

Ndiyo maana ushauri uliozoeleka, kwamba ukiona anajua habari zako basi ni wa kweli, hauna thamani tena. Kujua habari zako ni bidhaa inayouzika.

Simu yenyewe huanza kwa adabu. "Shikamoo mama. Naongea na mama fulani, wa Vwawa?" Mama akiitika, sauti inabadilika. Yeye ni wa kitengo cha sheria. Kuna deni la shilingi 30,000 ambalo kwa faini sasa ni 87,000. Jalada liko polisi. Analizuia lisitoke leo kwa sababu ya huruma tu. Mama ana dakika 30. Mama akisema hajawahi kukopa, jibu liko tayari: mpwa wako alikopa, na wewe umeandikwa mdhamini. Baada ya dakika 10 unafika ujumbe wenye picha ya mpwa na neno MWIZI kwa herufi kubwa, pamoja na tishio la kuusambaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo kwenye hofu huchanganyika. Anayepiga anaweza kuwa tapeli mtupu aliyenunua orodha. Anaweza pia kuwa mkusanyaji halisi wa mkopeshaji asiye na leseni. Kwa mama wa Vwawa tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana, kwa sababu katika hali zote mbili yeye hadaiwi. Udhamini ni mkataba. Hauzaliwi kwa jina lako kukutwa kwenye simu ya mtu. Na kumtangaza mdaiwa kwa jamaa zake si njia halali ya kudai, hata kama deni ni la kweli na limeiva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na vitisho na matusi ya mtandaoni vinaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Wakenya wametutangulia hatua kadhaa, kwa kuwa walianza kuumia mapema. Kanuni za Benki Kuu yao za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho, lugha chafu, au kuwapigia watu walioko kwenye orodha ya simu ya mkopaji. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye aplikesheni za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma ujumbe na simu za vitisho. Faini za namna hiyo zinawafanya wakopeshaji wengine wapige hesabu upya, na huku kwetu tunazihitaji.

Turudi kwenye simu ya mama. Hana sababu ya kubishana kuhusu kiasi, kwa kuwa akianza kubishana kuhusu 87,000 amekwishakubali 30,000. Aseme hivi: nitumie kwa maandishi jina la kampuni, namba ya leseni yenu, tarehe ya mkopo, na namba ya kampuni ya kulipia. Kisha akate. Majina ya wenye leseni yapo kwenye tovuti ya BoT, na Benki Kuu ina tawi Mbeya kwa anayetaka kuuliza ana kwa ana. Mkopeshaji halali hupokea marejesho kwa namba ya kampuni au akaunti ya benki yenye jina lake. Ikiwa anayedai anajifanya wa serikali, kwa mfano TRA, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi au idara ya maji, malipo ya serikali hupitia kontrol namba, na ukiiingiza kwenye simu huonyesha taasisi inayolipwa. Bodi ya Mikopo, kwa mtumishi aliyeajiriwa, hukata asilimia 15 ya mshahara kupitia mwajiri. Haitumi kijana akupigie saa mbili usiku.

Njia ya fedha inasema zaidi ya sauti. Mdai hewa anaweza kuiga nembo, mhuri, hata kelele za ofisi nyuma ya simu. Hawezi kukupa namba ya malipo yenye jina la taasisi, kwa kuwa fedha ikienda huko yeye hali.

Tishio la polisi lina nguvu yake hapa Songwe, mkoa wetu wa mpakani wenye doria na vizuizi ambako watu wamezoea kusimamishwa. Lakini kutolipa deni ni shauri la madai. Mdai huenda mahakamani, hupata hukumu, na mali hukamatwa na dalali wa mahakama kwa amri iliyoandikwa. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayofanyika kwa simu ndani ya dakika 30. Hata deni la mkataba lina umri wake: Sheria ya Ukomo inampa mdai miaka 6 kufungua shauri. Afisa wa polisi akikutaka, atakuita kituoni, na huko hakuna anayelipia jalada kwa kutuma fedha kwenye laini.

Aliyekwishatuma fedha apige 100 mara moja. Hiyo ndiyo namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote nchini, na mtu "wa mtandao" anayekupigia kwa namba ya kawaida si wa mtandao. Muamala ukiwahiwa kabla fedha haijatolewa kwa wakala, unaweza kuzuiwa. Namba ya tapeli inatumwa kwenda 15040, mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, wa kupokea taarifa za utapeli. Skrinishoti na namba ya muamala zihifadhiwe kwa ajili ya polisi, hata kama aibu inakusukuma ufute kila kitu.

Mpaka nao una shida yake. Dar es Salaam, simu yenye +260, msimbo wa Zambia, ingetiliwa shaka papo hapo. Tunduma ni simu ya mteja. Wafanyabiashara wengi wana laini za nchi zote mbili, na ukiwa karibu na mpaka simu hunasa mtandao wa Zambia bila kuulizwa. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 5, 2019 kilirahisisha upitaji wa mizigo, lakini TCRA haifungii laini ya Zambia. Hilo ni la mamlaka ya huko, ZICTA. Mwenye duka anayeuza kwa kauli Nakonde basi apatane na wateja na matajiri wake kuhusu namba moja tu ya malipo, iandikwe kwenye daftari, na mabadiliko yoyote yathibitishwe kwa kupigiana kwa namba ya zamani. Baadhi ya wazee wa biashara ya nafaka hawapokei mabadiliko ya namba kwa ujumbe kabisa, ni ana kwa ana. Vijana wanawaona washamba.

Jirani yetu Rukwa, mwisho wa barabara inayoanzia Tunduma kwenda Sumbawanga, ametajwa mara kwa mara kwenye taarifa za robo mwaka za TCRA, pamoja na Morogoro, kuwa kinara wa laini zinazojaribu utapeli. Laini hizo zimesajiliwa kwa alama za vidole, kama zote tangu usajili huo ulipoanza Mei 2019. Za nani, basi? Jibu mojawapo liko chini ya miavuli ya wasajili laini wa stendi na sokoni: "Weka tena kidole, haijasoma." Kidole cha pili kinaweza kusajili laini ya pili, nayo ikauzwa. Ukibonyeza *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na usiyoitambua unaweza kwenda kuifuta kwenye duka la mtandao husika. Inachukua dakika chache, na ni bora kuliko kuitwa kituoni Vwawa kueleza kwa nini jina lako ndilo lililotokea kwenye simu ya mtu aliyelipa deni asilodaiwa.