UKUTA WA GEDI NA KICHUGUU CHA MCHWA

Mtu atokaye Malindi kwenda upande wa kusini, akiisha kusafiri kiasi cha maili kumi, hufika penye magofu ya Gedi yaliyo katikati ya msitu. Akiona kuta za matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa, visima vilivyochimbwa kwa ustadi, na msikiti ambao kibla yake yaelekea kaskazini, upande wa Makka, hana haja ya kuuliza kama mji huu ulijengwa au uliota wenyewe kama majani. Kaburi moja lina maandishi ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Naye Bwana James Kirkman, aliyeanza kuchimba mahali hapo mwaka 1948, alikuta vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina.

Kwa watu wengi wa dini, hoja huendelea papo hapo: ikiwa ukuta una mwashi wake, je, jicho la mwanadamu, lililo bora kuliko ukuta wowote, litakosaje Muumba? William Paley, kasisi Mwingereza, aliieleza hoja hiyo mwaka 1802 kwa mfano wa saa iliyookotwa nyikani. Ni hoja nzuri, nayo imewatuliza wengi. Lakini yastahili kupimwa, kwa maana kijana aliyefundishwa kuegemeza imani yake yote juu yake huenda siku moja akaiona ikivunjwa darasani, akadhani kwamba na imani imevunjika.

Huko pwani ya kaskazini ya Ireland ziko nguzo za mawe zipatazo 40,000, nyingi zikiwa na pande sita, zimepangana mfano wa sakafu. Wazee wa huko walisimulia kwamba zilijengwa na jitu liitwalo Finn McCool. Kumbe ni mawe ya volkano yaliyotoka yakiwa ya moto, yakapoa zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, yakapasuka kama tope la kidimbwi likaukapo juani. Basi mpango peke yake hauthibitishi kuwapo kwa fundi.

Wala hapana haja ya kwenda Ireland. Kichuguu kilicho kando ya shamba hupita kimo cha mtu, nacho kina njia za hewa na bustani ambamo mchwa hulima uyoga wao. Ni nani mwashi mkuu? Hayuko. Malkia kazi yake ni kutaga mayai, hatoi amri ya ujenzi. Mchwa wafanyakazi, ambao wengi wao ni vipofu, huweka kila mmoja tonge lake la udongo uliochanganywa na mate, wakiongozwa na hali ya mahali walipo na kazi ya wenzao. Hakuna hata mmoja aijuaye ramani ya nyumba, na nyumba huinuka.

Mwaka 1859 Charles Darwin alieleza jinsi jicho lenyewe liwezavyo kupatikana kidogo kidogo: viumbe huzaliwa wakihitilafiana, na wale wafaao zaidi huishi wakazaa, wakarithisha, kwa vizazi visivyohesabika. Wataalamu wa viumbe wamelikubali jambo hilo kwa ushahidi mwingi.

Gedi, basi, twaijuaje? Si kwa sababu mawe yake yamepangika. Twajua kwa kuwa waashi tunawafahamu, na chokaa ya matumbawe tunajua jinsi ichomwavyo. Tena kibla yaonyesha nia ya kusali, tarehe ya kaburi nia ya kukumbuka, na kaure nia ya kufanya biashara. Fundi wa macho hajapata kuonekana kazini. Hapo ndipo mfano wa Paley unapochechemea.

Swali kubwa lingaliko: kanuni zinazofuatwa na mchwa na mawe zilitoka wapi? Hilo halichimbuliwi kwa mwiko wa Bwana Kirkman. Wako wataalamu wa viumbe wanaosali na wako wasiosali, nao wote hukieleza kichuguu kwa namna moja.